Wakuu, hivi tunaumwa kweli au tunaumwa na kusoma dalili mtandaoni?

#1 Fundi Redio
Wakuu salaam.

Nina hoja, mnipinge kwa hoja. Watu wengi wa rika langu wanaokesha na simu wakisoma dalili hawana ugonjwa wanaousoma. Wana ugonjwa wa kusoma.

Mimi ni fundi simu. Mteja akileta simu nikaijaribu kama kioo kinashika, nikigusa tu kisanduku cha kutafuta, historia inajianika yenyewe. Juzi niliona hii: "uvimbe chini ya taya". Chini yake: "uvimbe chini ya taya hauumi". Chini yake: "uvimbe usiouma ni saratani?" Mwisho kabisa: "mtu anaishi muda gani na saratani ya mitoki". Yote usiku mmoja, na mwenye simu kaja asubuhi anatembea vizuri, anabishana bei.

Swali: kosa ni la mtandao unaotupeleka kubaya, la hospitali zisizotueleza kitu, au la vichwa vyetu? Wale wa "kapime tu" nao wanaruhusiwa.

Nawasilisha.

#2 Dogo wa Sinza
Kumbe fundi ukishika simu zetu unasoma historia! Yangu nakuja kuichukua leo hata kama kioo hakijakauka gundi.

#3 Mama Junior
Hoja ipo. Mume wangu kope ilimcheza, kisha ukacheza msuli wa nyuma ya mguu. Bibi yangu angesema jicho likicheza utapata mgeni au utalia, mambo yakaishia hapo. Yeye akaingia Google, akatoka na ALS, ule ugonjwa wa neva unaolegeza misuli, aliougua mwanasayansi Stephen Hawking.

Tangu hapo ikawa vituko. Anasimama kwa mguu mmoja bafuni kupima nguvu. Ananipa mkono nimkamate nione kama umelegea. Na kadiri anavyoukodolea macho msuli, ndivyo unavyocheza. Wakati huo halali, kahawa asubuhi, kahawa jioni. Dokta kamgonga magoti kwa kinyundo, kamtembeza kwa visigino, kamwambia neva ziko sawa, lala na upunguze kahawa. Akatulia kidogo. Halafu nikamkuta anasoma "madaktari huchelewa muda gani kugundua ALS".

Yaani majibu mazuri nayo yakawa dalili.

#4 Mchambuzi Huru
Mama Junior, mumeo yumo kwenye utafiti. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Microsoft, Ryen White na Eric Horvitz, walichunguza jambo hili hili: kumbukumbu za watu wanavyotafuta mtandaoni, pamoja na dodoso kwa watu 515. Dalili walizofuatilia ni kichwa kuuma, kifua kuuma, na misuli kuchezacheza.

Walikuta ukitafuta kichwa kuuma, matokeo yanataja uvimbe wa ubongo karibu sawa na yanavyotaja kuacha kahawa ghafla. Maishani ni mbingu na ardhi: wanaoumwa kichwa kwa kukosa kahawa wapo kila mtaa, uvimbe wa ubongo ni nadra sana. Injini ya kutafuta inapanga kurasa kwa jinsi zilivyoandikwa na kubofywa, haijui ugonjwa gani umejaa mitaani. Na nani ataandika makala ndefu kuhusu mtu aliyelala vibaya siku mbili? Makala ndefu zinaandikwa kuhusu saratani.

Kwa hiyo fundi, jibu lako ni la kwanza. Mtandao.

#5 Kijana wa Igoma
Naweka kambi hapa.

#6 Binti Pwani
Mchambuzi, utafiti wako ni wa zamani kidogo, na ni wa wanaotafuta kwa Kiingereza. Google wenyewe 2016 walileta vibao vya dalili kwa msaada wa madaktari wa Harvard, ukiandika kichwa kuuma unaona kwanza mambo ya kawaida. Lakini vilianzia Marekani, kwa Kiingereza.

Sasa andika dalili zako kwa Kiswahili uone. Utapata "Dalili za sumu mwilini", "Dalili za mirija kuziba", "Dalili za ini kuchoka", na chini ya kila moja kuna namba ya WhatsApp. Someni hizo orodha kwa makini: uchovu upo, gesi tumboni ipo, kusahau kupo, hamu ya tendo kupungua ipo. Nani hapa atatoka salama? Orodha imeandikwa na muuzaji ili usitoke mikono mitupu. Huko hakuna injini iliyokosea, kuna mtu kakaa anakusubiri.

#7 Kibanda Umiza
Binti Pwani umegusa penyewe. Nilimpigia mmoja, akasema njoo tukupime mwili mzima. Nikashikishwa kile kirungu cha chuma kimeunganishwa na kompyuta. Dakika moja hivi, zikatoka karatasi kama mtihani wa taifa. Ini, figo, mafuta, uti wa mgongo, kote kuna shida. Ukurasa wa mwisho nikaambiwa ovari zangu hazifanyi kazi vizuri.

Mimi ni mwanaume, wakuu. Nina ndevu.

#8 Dogo wa Sinza
Chai.

#9 Fundi Redio
Si chai, Dogo. Waliwahi kuniletea mashine ya namna hiyo nitengeneze waya. Kabla ya kupima unajaza umri, jinsia, urefu na uzito, na programu inatoa majibu kutokana na hayo uliyojaza. Nimeishika mwenyewe kirungu kikiwa hakijachomekwa, ikaniambia nina upungufu wa madini ya zinki. Aliyempima Kibanda alisahau kubadilisha jinsia ya mteja aliyetangulia.

#10 Kibanda Umiza
Basi huyo dada aliyetangulia ajue ovari zake zina ripoti kwangu.

#11 Mtu wa Mlandizi
Nina rafiki yangu. Alitoka nje ya ndoa, akapata hofu ya VVU. Amepima, hana. Kila akisoma anakuta dalili mpya: ulimi mweupe, jasho la usiku, mitoki shingoni. Na kweli anazo zote. Amesoma kwamba mpaka miezi sita ndiyo unakuwa na uhakika. Amekonda sasa watu wanamuuliza. Nimwambie nini?

#12 Binti Pwani
Mwambie rafiki yako tunamsalimia, na ulimi wake aache kuupiga picha.

#13 Nesi wa Zamu
Mtu wa Mlandizi, miezi sita ni habari ya zamani. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, kinachotafuta kingamwili, hasi baada ya siku 90 tangu tukio la mwisho unaiamini. Kile cha maabara kinachotafuta kingamwili pamoja na chembe za kirusi, siku 45 zinatosha. Na kwa wengine mnaosoma: tukio likiwa ndani ya saa 72, usiingie Google wala humu. Nenda kituo cha afya ukaombe dawa za kinga, maana kila saa ina thamani.

Kuhusu mitoki: tezi za shingo zipo kwa kila mtu. Ukizibinya asubuhi, mchana na usiku, zitauma, na eneo litavimba kidogo. Kisha utaandika "mitoki inayouma". Jasho la usiku nalo, mtu mwenye hofu aliyelala saa nane akiwa na simu usoni atakosaje kutoka jasho?

#14 Mwalimu Mstaafu
Nesi umeeleza vizuri, ila huyo rafiki tatizo lake haliko kwenye siku 90. Ukimpa 90 atataka 120. Anachoogopa ni uso wa mke wake. Nimeishi kiasi cha kutosha kuona watu wanaopima mpaka damu inawaishia kwa sababu hakuna maabara inayopima walichokifanya. Hili si suala la Google wala Harvard. Ni dhamiri.

#15 Mtu wa Mlandizi
Shikamoo mwalimu. Nitamfikishia.

#16 Tabibu wa Wilaya
Nimesoma uzi wote. Mnaulaumu mtandao na dhamiri, mnaisahau maabara.

Mtu anakuja zahanati amechoka, kichwa kinauma. Anapimwa Widal, anaambiwa una typhoid. Anapimwa mkojo, zinaonekana chembe chache, anaambiwa una UTI. Hicho kipimo cha Widal kinatokana na kazi ya Mfaransa Georges Fernand Widal ya mwaka 1896. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani au za vijidudu vingine kabisa. Kwenye nchi kama yetu, kukipima mara moja hakukupi uhakika. Uhakika ni kuotesha damu, na vituo vingi vidogo havioteshi.

Sasa mgonjwa anarudi na karatasi nyumbani. Hajaelezwa kitu, maana foleni ilikuwa ndefu. Anafungua simu, anaandika typhoid, anasoma "utumbo kutoboka". Atalala? Hofu yake haikuanzia Google. Tulimfungia sisi kwenye karatasi akaenda nayo.

#17 Kijana wa Igoma
Dokta, kwa hiyo ile typhoid yangu ya kila mwaka siyo typhoid?

#18 Tabibu wa Wilaya
Sijakuona, siwezi kusema. Ila typhoid ya kila mwaka, kila ukichoka, naitilia shaka.

#19 Mama Wawili
Naona mnachekana tu kwamba tusisome. Mwanangu wa pili alianza kukonda. Tulikokwenda kwanza wakasema malaria. Tuliporudi wakasema UTI. Mimi nikaandika kwenye simu: mtoto anakunywa maji sana, anakojoa kitandani, anakonda. Ikaja kisukari cha watoto. Nikarudi nikaomba apimwe sukari. Yule aliyepo akaniambia mama acha kusoma mitandao. Nikang'ang'ania. Mashine haikutoa namba, ikaandika HI, yaani sukari imepita inapoweza kusoma. Alilazwa siku hiyo hiyo kwa dripu.

Leo yuko shuleni na insulini yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, msisahau.

#20 Kibanda Umiza
Mama hongera, Mungu mkubwa. Ila mficha maradhi tunamjua, mtafuta maradhi yeye humuumbua nani?

#21 Mchambuzi Huru
Mama Wawili kisa chako kinaonyesha tofauti ambayo tunaitafuta. Wewe ulikuwa na dalili tatu za wazi, ukatafuta jibu, ukalipeleka hospitali likapimwa. Huyo hana wasiwasi wa mtandaoni, huyo ni mzazi makini.

#22 Mama Wawili
Hapana kaka, usinipambe. Ungeniona zile siku ungeniita mgonjwa. Sikulala. Nilisoma saratani ya damu, nikasoma figo, nikasoma TB, nikamlamba mtoto jasho nione kama lina chumvi. Kwa hiyo, tofauti yako hiyo mnaiona baada ya majibu kutoka. Kabla ya majibu mimi na huyo mume wa Mama Junior tulikuwa kitu kimoja.

#23 Mama Junior
Nimekaa nalo hili.

#24 Bwana wa Likoni
Asalaam aleikum kutoka Mombasa. Mie nauliza swali jingine: huyo anayetafuta, amefiwa na nani?

Ndugu yangu hakuwa mtu wa maradhi abadan. Baba yetu akaanguka kwa moyo, akafa kabla hatujafika hospitali. Miezi michache baadaye ndugu yangu kifua chambana, mikono yafa ganzi, midomo yamwasha, hewa haitoshi. Kipimo cha moyo, ECG, kimetoka safi. Akahamia mapafu. Mapafu safi, akahamia utumbo. Kila kiungo kikitoka salama ahamia jirani yake. Mie naona pale hatafuti maradhi, atafuta baba alikufa vipi.

Lakini ile ganzi si uongo wallahi. Nimeushika mkono wake, vidole vimekakamaa.

#25 Nesi wa Zamu
Bwana wa Likoni, ganzi ni ya kweli kabisa. Mtu akiingiwa na hofu anapumua haraka haraka bila kujijua. Kaboni daioksaidi inashuka kwenye damu, vidole na midomo vinapata ganzi, kichwa kinazunguka, vidole vinaweza hata kujikunja. Akipunguza kasi ya kupumua inapita. Kwa hiyo ukimwambia "huna kitu, ni mawazo tu", anajua unamdanganya, anarudi kwenye simu ambako kuna mtu anayemwamini.

Hiki kitu kina jina kitabibu, wasiwasi wa ugonjwa, na tangu 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili umekitenganisha na hali ya watu wenye maumivu mengi ya mwili. Mwaka 1986 watafiti Salkovskis na Warwick walieleza kwamba kutafuta kuhakikishiwa ndiko kunakoulisha wasiwasi. Unahakikishiwa, unapata nafuu, nafuu inakwisha, unarudi. Hapo hata intaneti hatukuwa nayo. Watu walikuwa wanarudi kwa dokta, au wanamuuliza mke kila jioni.

#26 Mzee wa Bando
Huo ni ugonjwa wa wazungu na watu wenye bando la mwezi. Anayelala njaa hana muda wa kusoma mitoki.

#27 Nesi wa Zamu
Njoo OPD, kwa wagonjwa wa nje, Jumatatu ukae na mimi uone nani hana muda. Utakuta mama ntilie anayekuja na moyo kwenda mbio, hana hata simu kubwa, kasimuliwa na jirani aliyesoma kwa ajili yake.

Na msidhani ni mchezo. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2023 kwamba watu waliothibitishwa kuwa na wasiwasi mkali wa ugonjwa walikufa mapema kuliko wenzao, na vifo vya kujiua kwao vilikuwa juu zaidi.

#28 Mzee wa Bando
Sasa dada, hii umeiandika kwenye uzi wa watu wenye hofu ya kufa mapema. Umefikiria?

#29 Binti Pwani
😂😂 Hapo Mzee ana pointi.

#30 Ustadhi Mdogo
Wengine ni mambo ya kiroho. Mtu anasomewa na anapona.

#31 Kibanda Umiza
Hilo jini linalokesha Google litakuwa limemaliza kidato cha sita.

#32 Bwana wa Likoni
Usimcheke ustadhi. Ndugu yangu alisomewa akalala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kama ni dua, kama ni kule kukaa na watu wakamsikiliza, mie sijui, lakini alilala.

#33 Mwalimu Mstaafu
Niulize langu kabla uzi haujahamia majini. Nimenunua mashine ya presha ya nyumbani. Ikisoma 138 napata hofu, narudia inasoma 149, narudia 156. Je, mashine mbovu?

#34 Tabibu wa Wilaya
Shikamoo mwalimu. Mashine haina kosa, mpimaji ndiye anayeipandisha. Kaa kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa nusu saa kabla. Pima mara mbili ukiacha dakika moja kati, asubuhi na jioni, andika, kisha mashine ifungie kabatini. Kliniki tunataka wastani wa siku kadhaa, ile namba moja ya saa tisa usiku haitusaidii.

#35 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Umejuaje saa tisa usiku?

#36 Dogo wa Sinza
Nyinyi bado mko Google? Siku hizi naiuliza akili mnemba. Inanijibu kwa upole, haina matangazo ya dawa, haina "utumbo kutoboka" juu ya ukurasa. Naona tatizo la fundi limekwisha tangu ChatGPT ilipokuja 2022.

#37 Mama Junior
Halijakwisha, limebadilika umbo. Zamani mume wangu alikuwa ananiuliza mimi, "hivi huu msuli umepungua?" Nikawa namjibu, mpaka nikashauriwa niache kumhakikishia. Niliacha, ilikuwa vita lakini ikaanza kusaidia. Sasa anaiuliza hiyo akili mnemba. Mimi nachoka, nalala, nanuna. Ile haichoki. Anauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti mpaka apate jibu lenye "ni vyema kumwona daktari", basi, siku imeharibika.

#38 Mchambuzi Huru
Hii inaniunga mkono. Chombo kikibadilika, tabia inabadilika.

#39 Nesi wa Zamu
Inaniunga mkono mimi. Chombo kimebadilika, tabia iko pale pale.

#40 Fundi Redio
Mnaweza kupigana nje.

Nesi, tiba ipo au ndiyo hivyo?

#41 Nesi wa Zamu
Ipo. Ni tiba ya mazungumzo yenye mpangilio: unapunguza kukagua mwili na kusoma kidogo kidogo, unajifunza kukaa na kutojua. Uingereza profesa Peter Tyrer na wenzake waliijaribu kwa wagonjwa 444 wa kliniki za kawaida za hospitali, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet 2014. Waliopata tiba walipungua wasiwasi kuliko wenzao. Na kati ya watoa tiba, waliofanya vizuri zaidi walikuwa manesi.

#42 Kibanda Umiza
Nilijua tu tutafika hapo.

#43 Mama Junior
Tatizo ni kumpeleka. Nikitaja kliniki ya afya ya akili anasema unataka kunipeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, watoto watachekwa.

#44 Tabibu wa Wilaya
Mirembe ni Dodoma, haina haja afike huko. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kliniki ya afya ya akili siku fulani za wiki, ulizeni mapokezi. Au pigeni 199, ya Wizara ya Afya, bure, waulizeni iliyo karibu. Mwambie anakwenda kwa ajili ya kukosa usingizi.

#45 Mwalimu Mstaafu
Hapo unamfundisha mama kumdanganya mumewe. Akigundua, hatakuamini wewe, hatamwamini mkewe, atabaki na simu peke yake.

#46 Tabibu wa Wilaya
Mwalimu, si ni kweli halali?

#47 Mwalimu Mstaafu
Ni kweli nusu. Na wenye hofu wanaijua sana kweli nusu.

#48 Kijana wa Igoma
Samahani nirudi kwenye ile ya Widal. Dokta, jana nimepewa dozi ya typhoid, sindano na vidonge. Niendelee au niache?

#49 Tabibu wa Wilaya
Usiache dawa kwa sababu ya bandiko langu. Rudi kwa aliyekuandikia, umuulize alipima nini na alipata nini.

#50 Kijana wa Igoma
Aliyeniandikia ni mwenye duka la dawa.

#51 Tabibu wa Wilaya
Na alikupima?

#52 Kijana wa Igoma
Aliniangalia macho.